Pacha wa Kwanza Amekaa, na Mama Mkwe Anataka Opiyo

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya jikoni kwa sababu tumbo limekataa kuingia chini ya meza, na naomba unisaidie mapema maana Jumamosi iko karibu na nimeahidi kwenda mahali ambapo sijui kama ninafaa kwenda. Mimi nina miaka ishirini na tisa, tunaishi upande wa Sigor, mume wangu Gordon anafanya kazi katika kiwanda cha chai Kericho na hurudi nyumbani mwisho wa wiki, na nina mimba ya wiki thelathini na tano, mapacha, msichana na mvulana. Siku niliyoambiwa ni wawili nilicheka mpaka mhudumu wa skani akanisihi nitulie kwa sababu picha ilikuwa inacheza, na mpaka leo nikikumbuka nacheka, Gordon naye amepaka chumba rangi mbili kana kwamba watoto watagawana ukuta, na binti yetu wa miaka minne anaambia kila mtu njiani kwamba mama amemeza watoto wawili.

Huyo binti nilimzaa kwa njia ya kawaida kwenye zahanati, nilifika saa kumi na moja alfajiri na kufikia saa tatu nilikuwa nakunywa chai, kwa hiyo mimi si mwoga wa uchungu na nilijua hawa nao nitawasukuma tu. Lakini wiki mbili zilizopita daktari aliangalia skani akasema kila mtoto ana kondo lake na wote wana uzito mzuri, ila msichana ndiye aliye chini na amekaa matako chini, kichwa juu, na mvulana yuko juu yake akiwa ameinamisha kichwa vizuri, akasema kwa hali hiyo anashauri upasuaji wiki ya thelathini na saba au nane, akaandika hayo kwenye karatasi na kuniambia nirudi na mume wangu tupange siku. Mimi nilikunja ile karatasi nikaiweka ndani ya Biblia, na Gordon alipopiga simu nikamwambia daktari amesema watoto wako sawa, jambo ambalo ni kweli, lakini si kweli yote.

Mshauri, shida ni nyanya wawili. Mama mkwe wangu, Mama Aoko, amekuja kutoka kwao upande wa ziwa kunisaidia, na marehemu mume wake alikuwa pacha, yeye akiitwa Opiyo kwa sababu ndiye alitangulia, na ndugu yake aliyemfuata, Odongo, yuko hai. Tangu asikie kuna mvulana ndani, Mama Aoko hulala akiota Opiyo amerudi. Nilipotaja tu neno upasuaji, kama mtu anayeuliza juu ya jirani, aliweka sufuria chini akaniita binti wa Bomet kwa Kiluo chake, akasema, "Nyar Bomet, daktari akifungua tumbo atashika mkono wowote ulio karibu. Sasa huyo atakuwa Opiyo wa Mungu au Opiyo wa daktari?"

Nikakimbilia kwa mama yangu mzazi, Rodah, nikidhani huko nitapumzika, naye ni mbaya zaidi. Unajua sisi Wakipsigis mtoto huitwa kwa saa aliyozaliwa, kama ni alfajiri, kama ni usiku, kama ni ng'ombe wakienda malishoni, na mama akasema, "Lakwenyun, mwanangu, mtoto akitolewa kwa tarehe ya daktari tutamwita nani? Kipkalenda?" Wamama wa kikundi chake walicheka mpaka mmoja akamwaga maziwa yake ya mursik, nami nikacheka nao, lakini njiani nikirudi nililia.

Sasa nakuja kwa kosa lenyewe. Mama Aoko alisikia kuna mwanamke Siongiroi anaitwa Elmina, anajulikana kwa kukanda matumbo ya wajawazito, na mimi nikawaza kwamba mvulana akishushwa akawa chini, kichwa chake tayari kimeelekea vizuri, basi nitazaa kwa njia ya kawaida, Mama Aoko atapata Opiyo, mama yangu atapata saa yake na hakuna mtu atakayekasirika. Nimeenda mara mbili. Elmina alinipaka mafuta akasema, "Huyu wa chini ameketi mlangoni kama mtu anangoja chai, acha tumwambie apishe." Mara ya pili, juzi, alisukuma kwa nguvu, na tumbo likawa gumu kama ubao hadi jioni, halafu likalegea na watoto wakaendelea kucheza. Amesema Jumamosi atamaliza kazi. Niende, au nikubali kisu? Nimeacha namba yangu ya simu hapa chini. Usinitaje kwa jina la baba.

Chelangat, Sigor

—

Chelangat, jibu lako la kwanza nilikupa kwa simu siku niliyopokea barua, kwa sababu tumbo halingoji gazeti. Nilikwambia uende hospitali saa hiyo hiyo, ukaenda, ukapimwa, na mioyo ya watoto wote wawili inapiga vizuri. Kwa hiyo sasa naweza kukukaripia nikiwa nimetulia, na wasomaji wengine wasikie.

Kwanza hongera. Watoto wawili wenye uzito mzuri, kila mmoja na kondo lake, kwa mama mwenye afya na mume anayepaka rangi. Hiyo ni habari njema, na umeiandika kama habari njema. Usiruhusu mtu akuharibie.

Sasa Elmina. Tumbo gumu kama ubao baada ya kusukumwa si dalili kwamba kazi inaendelea. Kondo linaweza kubanduka, na likibanduka unavuja damu ndani ambako huioni, na mtoto anakosa hewa. Nimezungumza na daktari mmoja ambaye amezalisha mapacha kwa miaka ishirini. Nilimuuliza kama kuna mtu anaweza kubadilisha zamu ya mapacha kwa mikono. Akauliza, "Ni nani huyo, na mgonjwa wake yuko wapi?" Kila mtoto yuko ndani ya mfuko wake, na msichana wako yuko kwenye mlango. Hakuna njia ya kumpitisha kaka yake. Jumamosi usiende. Kama ahadi inakusumbua, mtumie Elmina ujumbe kwamba mgeni wa chai ameamua kukaa.

Kuhusu njia ya kuzaa, hukukosea kutamani ile ya kawaida. Mapacha wengi huzaliwa hivyo. Jambo la kwanza ambalo madaktari huangalia ni kichwa cha yule wa chini. Kikielekea chini, na mambo mengine yakiwa sawa, mama anaweza kusukuma, mradi awe hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya akiba, kwa sababu wa pili anaweza kugeuka baada ya wa kwanza kutoka. Lakini wa chini akiwa amekaa, kamba ya kitovu inaweza kutangulia, au mwili ukatoka na kichwa kikabaki. Binti yako wa kwanza alitoka kwa saa nne kwa sababu alikuwa mmoja na alikuja na kichwa. Huyu hajasoma historia ya dada yake.

Upasuaji nao si mchezo, na atakayekuambia husikii kitu anakudanganya. Utakaa hospitali siku tatu au nne. Kidonda kitauma, na utaangalia kama kinatoa usaha au unapata homa. Kwa wiki sita hutabeba kitu kizito kuliko mtoto, maana yake hakuna kikapu cha majani chai mgongoni na hakuna mtungi wa maji. Na mimba ijayo ni lazima daktari ajue una kovu. Uliza yote hayo kabla ya kutia sahihi. Uliza pia upigwe skani tena asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu watoto hugeuka wenyewe wakitaka, hata dakika za mwisho. Akiwa amegeuka, mwambie daktari mzungumze upya. Akiwa bado amekaa, nenda chumba cha upasuaji ukiwa na amani.

Karatasi itoe ndani ya Biblia leo. Gordon akifika Ijumaa mpe kabla hajavua viatu. Mtu aliyepaka chumba rangi mbili anastahili kujua mtoto gani amelala vipi. Na nyinyi wawili mtafute pa kukaa karibu na hospitali kuanzia wiki ya thelathini na sita. Barabara ya kwenu mvua ikinyesha unaijua kuliko mimi. Ukiona damu, au chupa ya maji ikipasuka, au watoto wakipunguza kucheza, au tumbo likiwa gumu tena bila kulegea, usingoje tarehe.

Nimebakisha nyanya, na hao nimewafanyia kazi yao.

Mama Aoko, nilimuuliza daktari swali lako neno kwa neno. Alicheka, halafu akajibu kwa makini. Kwa kawaida hutoa kwanza yule aliye chini, kwa sababu ndiye aliye karibu na pale anapofungua, na muuguzi huandika dakika ya kila mmoja kwenye karatasi. Kwa hiyo zamu ambayo Mungu amepanga ndani ndiyo itakayoonekana nje, na mtu wa kwanza kwenye mlango ni msichana. Najua ulikuwa unangoja Opiyo. Umepewa Apiyo. Ni jina lile lile la mzee wako, safari hii limevaa gauni, na nyuma yake anakuja Odongo kama ilivyokuwa nyumbani kwenu zamani. Pokea.

Mama Rodah, wewe unasema saa ya daktari si saa. Chelangat ataomba awe wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi, na mapacha hupewa nafasi hiyo mara nyingi. Ng'ombe wa Sigor watakuwa wanatoka kwenda malishoni, kwa hiyo utawaita Chepngetich na Kipngetich. Uchungu ukianza kabla ya siku yake na wakatolewa jioni ng'ombe wakirudi, utawaita Cherotich na Kiprotich. Una majina ya saa zote, sioni tatizo. Na ukisema asubuhi hiyo ilipangwa na mtu, kumbuka kwamba hata ng'ombe hawaondoki wenyewe. Kuna mtu huamka akawafungulia lango.

Edinah Nyamweya