Dawa Bule, Njia Yetu

Mapalo,

Mardi tarehe 3 mwezi wa tatu ndiyo siku mambo iliharibika: bakubwa ba ile étude, ile majaribio ya dawa ya figo, balisema habatatulipia tena transport. Bao beko na jeep yabo. Na mugonjwa akikosa rendez-vous moja tu na munganga, banamutoa mu étude.

Leo asubui ukataka kuuzisha mashine yako ya kushona, unilipie transport. Apana. Ulishanipa figo yako. Kesho utanipa na mukono? Nimeenda ku hôpital na miguu.

Bukari iko mu sufuria, ukule. Nitarudi ~~saa nane~~ magaribi. Usinifuate na taxi.

Mama yako angekuwa muzima, angeenda kubauliza bale bakubwa sababu gani habalipi. Miye naogopa banitoe.

Papa yako

Étude inaisha mwezi wa kumi na mbili. Kisha pale, dawa nani atanipa?