Simba wa Kitambaa

Alhamisi

Miguu imevimba. Kutwa nzima nimekata maboksi na kubandika majani ya karatasi ili kona ya vitabu darasani igeuke bustani ya wanyama, kisha nika-drive kutoka shuleni Vickery Meadow hadi nyumbani huku Arlington kwenye foleni. Twiga wa boksi alivunjika shingo kabla ya saa nne asubuhi.

Lakini ni Furaha ninayemuwaza. Ana miaka minne, ametoka kambi ya wakimbizi na mama yake majuzi tu, na kwa wiki sita hajasema neno darasani. Miss Carol, mwalimu wa darasa, ameshajaza fomu akapimwe kama ana shida ya kuongea. Mimi ni msaidizi tu. Aliniagiza nimsemeshe Kiingereza ili azoee, nami nikatii.

Leo watoto walikuwa wakimvuta mkia simba wa kitambaa. Furaha akawasukuma, akasimama mbele ya boksi alimolazwa simba.

"Mumuache! Iko analala! Mutamuamusha!"

Miss Carol akanigeukia. "Amesema nini?" Nikamtafsiria. Akairudisha fomu kwenye droo.

Nikachuchumaa karibu na mtoto. "Simba wako anaitwa nani, mama?"

Alinitazama kama mtu aliyedanganywa.

"Kumbe unajuaka Kiswahili? Juu ya nini ulikuwa unanyamaza?"

Kwa nini? Kwa sababu niliagizwa Kiingereza tu. Wiki sita nzima. Kesho, kabla ya kumtengeneza twiga shingo, nitamwomba msamaha.