Fundi Miwani na Riwaya za Mama

Machi 4

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Wewe je? Na kile kikohozi?

Nimejiunga na kikundi cha wasomaji pale maktaba. Tunakutana Jumamosi mchana na kupendekezeana riwaya mpya. Nilidhani nitakuta wastaafu wanasinzia, kumbe ni wabishi kuliko mawakili. Yupo mzee mmoja, fundi miwani mwenye duka jirani na benki, aliyefiwa na mkewe. Husoma riwaya za mapenzi na wala hafichi jalada. Ameniazima moja ya kihistoria, kuhusu wanawake waliopokea simu za jeshi wakati wa vita vya zamani. Itafute. Sura ya kwanza inachosha kama hotuba ya harusi, lakini ukiivuka hutaiweka chini.

Mama yako

Machi 19

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha. Kazi ya duka la dawa ni ile ile, kusimama kutwa na kusoma miandiko ya madaktari.

Riwaya ya simu nimeipata, nimefika katikati, tamu. Ila mama, huyo fundi. Mwanamume wa umri ule anasoma mapenzi, kisha anamwazima mjane kitabu? Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Ana watoto? Ana kwake au amepanga? Ameshauliza habari za nyumba?

Nami nakupendekezea ya upelelezi, imetoka juzi tu. Mjane anampokea mpangaji mpole, mwisho maiti ya mjane inatolewa kisimani. Isome kabla hujakaa na huyo fundi tena.

Mwanao

Aprili 6

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sijambo, nashukuru.

Yule mpangaji wa riwaya yako nilimshuku tangu aliposifu pazia. Nimeshona mapazia maisha yangu yote, na sijaona mwanamume anayesifu pazia bila kutaka kitu.

Sasa sikia. Jumamosi mvua ilinyesha, fundi akanisindikiza na mwavuli wake. Tulipofika akasimama kuitazama nyumba, kisha akauliza, "Hii iko kwa jina lako peke yako?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Basi tu."

Jumanne nikamkuta mwanamume kwenye uzio wangu, anapima kwa futi. Nilipomsalimia alikunja futi yake akaondoka bila kuitikia. Nilimweleza fundi. Alivua miwani na kuanza kuifuta, na miwani yenyewe ilikuwa safi.

Umenitia mdudu moyoni, mwanangu. Siku hizi nafunga makomeo yote mawili.

Mama yako

Aprili 20

Mama,

Shikamoo. Nilikwambia. Yeye anauliza jina, mwenzake anapima. Achana naye kabisa, na usitie sahihi karatasi yoyote. Kaka atakuja kukaa nawe siku chache. Msikilize, ana mawazo mazuri kuhusu maisha yako ya mbele.

Mwanao

Mei 15

Mama, shikamoo. Mbona kimya? U mzima? Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao

Mei 28

Binti yangu,

Mimi mzima wa mwili.

Nilifanya ulivyotaka. Nilimfukuza fundi mbele ya kikundi kizima. Nilimwambia, "Matapeli wa kwenye riwaya angalau wana sura nzuri." Watu walicheka. Yeye alikusanya vitabu vyake, akasema, "Samahani, mama," akatoka.

Wiki iliyofuata mpimaji alirudi. Safari hii nilimfungulia geti, nikampa kiti na maji.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Mimi ni dalali, mama. Wanao wamenituma."

"Wanangu, au mwanangu mmoja?"

"Wote wawili. Binti ndiye aliyenipigia kwanza, Februari."

Februari. Kikundi nilikuwa hata sijakijua, na fundi sijawahi kumwona.

Nilikwenda dukani kwake moja kwa moja. Kumbe dalali alimpelekea miwani kutengenezwa, akajisifu kwamba anatafutia mnunuzi nyumba ya kona yenye geti la kijani, mwenyewe ni mjane atakayehamishwa karibuni. Siku ile ya mvua fundi aliliona geti.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningesema nini? Sikuwa na hakika. Na watoto ni wako."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kaka yako bado hajafika. Namsubiri.

Mama yako

Juni 10

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii na kuichana mara nyingi.

Hatukutaka kukutupa. Tuliwaza zile ngazi, na goti lako, na wewe uko peke yako. Kaka alisema tukikwambia mapema utakataa, kwa hiyo tutafute mnunuzi kwanza. Fundi nilimshuku kweli, mama, hilo sikudanganya. Lakini nilifurahi pia kumshuku. Kila barua ulimtaja, nami niliogopa utapata sababu ya kubaki.

Nisamehe. Unasoma nini sasa?

Mwanao

Julai 22

Binti yangu,

Salamu. Goti ni lile lile.

Kaka yako alikuja na begi na mawazo yake. Nilimpikia, nikamtandikia, nikamsikiliza mpaka akaishiwa maneno, kisha nikamsindikiza kituoni. Nyumba haiuzwi. Dalali nimemwambia mwenyewe.

Fundi harudi kikundini. Nilimwendea tena kumwomba radhi. Aliniuliza kama miwani niliyovaa inanifaa, nikasema inanifaa. Akasema vizuri, akamgeukia mteja. Juzi amemwachia mkutubi riwaya ya mapenzi niichukue, bila salamu. Ndiyo ninayosoma. Bado sijui ni msamaha au ni kitabu tu. Nikiimaliza nitairudisha mwenyewe dukani.

Wewe hasira nimekupunguzia, lakini kuna jambo limebaki. Barua zako nazirudia toka mwanzo kama riwaya ya upelelezi, nikitazama wapi ulinionyesha nami sikuona. Pale "msikilize." Pale "maisha yako ya mbele." Mama hapaswi kumsoma mwanawe hivyo, na sijui nitaacha lini. Kwa sasa usinipendekezee kitabu.

Mkitaka kuja, njooni. Funguo nilizowapa hazifungui tena, nimebadilisha kitasa. Pigeni hodi kama wageni wengine. Nitafungua.

Mama yako