Kwa Dada Sayrakan, Uliyetembea Siku Tano Ili Tusigawanywe

Umetimia mwaka, dada yetu, tangu Mola alipokuita nawe ukaitika. Tunamshukuru aliyekutoa kwetu kwa hisani na kukutwaa kwa haki.

Wengi hapa kwetu At-Bashy wanayakumbuka mazulia yako ya sufu, na chai uliyommiminia mgeni kabla hujamuuliza jina. Sisi wadogo zako tunaanzia mbali zaidi.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi Toktobek tisa, Ulkan mitano. Wazazi wametangulia, nao ami zetu wameshapatana: kila nyumba ichukue yatima mmoja. Ukaswali alfajiri, ukaniambia nitandike farasi wawili wa marehemu baba, twende kwa bibi mzaa mama, mwendo wa siku nane. Nami kwa ujinga nikamchagua jike wa kijivu kwa sababu ya mbio zake, mwanawe anyonyaye nikamwacha kwenye kamba wanakofungwa watoto wa farasi mama zao wakikamuliwa.

Siku ya tatu akagoma. Kila nikimgeuza, anarudi. Nikainua mjeledi.

"We! Kosa ulifanye wewe, apigwe yeye?"

"Si ndiye mwenye mbio, dada?"

"Mbio anazo, za kurudi kwao! Kiwele chote hicho hukukiona? Na unajiita mchungaji. Haya, shuka."

Ulkan akaanza kulia. "Tunarudi kwa ami?"

"Nani kasema? Panda wangu na kaka yako. Huyu aende kwa mwanawe. Yatima watatu tunatosha, tusiongeze wa nne."

Ukamvua hatamu akaenda zake. Siku tano ukatangulia kwa miguu, theluji ya mlimani ikikufika magotini, wala hukunilaumu tena.

Bibi Burul alikuona ukichechemea, akasema, "Wajukuu, farasi wa pili wa baba yenu mmemla njiani?"

"Hapana, bibi. Lakini ukitugawa, tutakutafuna wewe."

Akacheka hata akalia. Kisha akatandika godoro moja refu, la watatu.

Dada, hatukugawanywa. Tumekulia nyumba moja, tukazeeka mlango kwa mlango, na kaburini tumekushusha kwa mikono yetu wenyewe. Mola akulipe kwa kila hatua.

Wanaokuombea: nduguyo Toktobek, mdogo wako Ulkan, wanao Kubat na Nurzat, na wajukuu wote.

Maadamu tuna pumzi, hutatutoka moyoni.