Fundi Masikio

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na mama, pamoja na lile gari la mwalimu lisilopona wala kufa. Mimi sijambo kabisa. Nakula, nalala, na baridi ya huku nimeiweza kwa kuvaa nguo zangu zote kwa mpigo. Najua unajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ipo. Vuta subira, nitafika huko.

Wenye duka la vipuri waliotuleta sisi mafundi wanatutembeza kama wakwe. Juzi tulipelekwa kiwanda cha magari. Baba, sakafu yake ni safi kuliko meza yetu ya kulia! Mikono ya chuma inachomelea mabodi, cheche zinaruka, na hakuna anayemfokea mwenzake kwa kupoteza spana. Wenzangu waliduwaa mbele ya mashine hizo. Mimi nilinasa mwishoni, kwenye chumba chenye kuta nene ambamo kila gari jipya huwashwa, kisha mtu mmoja hukaa akilisikiliza tu. Nilicheka peke yangu. Nikawaambia kwamba kazi hiyo baba yangu anaifanya uani: hakuna anayegusa boneti mpaka yeye afumbe macho aisikilize injini, na ole wako ukohoe. Ndiyo maana mji mzima unamwita Fundi Masikio. Aliyekuwa anatutembeza akauliza kama mzee huyo anatafuta kazi. Nikamjibu kwamba hatumuuzi.

Jana ikawa zamu ya kiwanda cha bia. Mwambie mama atulie, nilionja kidogo kuliko dawa ya kikohozi. Kuna matangi marefu yanayong'aa, na harufu ya shayiri iliyolowa imegoma kutoka kwenye koti langu. Mtengeneza bia mkuu ni mzee wa rika lako, mcheshi, tumbo lake ndilo linalotangulia kuingia mlangoni. Alikinga bia kwenye glasi, lakini hakuinusa. Alimpa binti yake. Binti akanusa, akaonja, akamweleza alichokipata. Mzee akauliza maswali, akafikiri, kisha akaamua tangi lile lisubiri. Nilimuuliza mbona hanusi mwenyewe. Akasema aliugua, pua yake ikafa, naye akaficha. Aliendelea kunusa mbele za watu na kutikisa kichwa kama anayejua, mpaka bia iliyoharibika ikawafikia wateja. Alisema aibu ya siku ile ilikuwa kubwa kuliko ile aliyokuwa anaikimbia. Binti yake akadakia kwamba pua ni yake, lakini bia bado ni ya baba.

Baba, nilitoka nje nikalia.

Najua husikii vizuri. Nimejua tangu siku ya gari la mkunga. Ulifumba macho, ukatikisa kichwa, ukasema liko safi, na huku beringi ya gurudumu la mbele ilikuwa inanguruma hadi mama akachungulia kutoka jikoni. Nilimfuata mkunga kwake, nikaibadilisha, nikamwambia ni wewe uliyenituma. Gari lile hubeba wajawazito, baba. Gurudumu lingeweza kuchomoka njiani. Tangu hapo kila gari unalolipitisha nalikagua tena kwa siri, na sasa niko mbali, roho haitulii. Nakuomba, magari yote yanayohitaji kusikilizwa yasubiri mpaka nirudi wiki ijayo.

Sijakuonea aibu hata kidogo, na wewe usijionee. Nikirudi utafumba macho kama kawaida, na watu watanyamaza kama kawaida. Mimi nitasikiliza, kisha nitakueleza nilichosikia mbele ya wote, kwa ile sauti yangu ambayo mama anasema haifai kwa mtoto wa kike. Utauliza, utagusa injini, utaamua. Sijaona mtu huku, hata kwenye chumba kile cha kuta nene, anayeijua injini kukuzidi wewe.

Msalimie mama, na umwambie mwalimu sijamletea gari jipya. Nitapiga simu Jumapili. Siku hizi nikipiga, unampa mama simu kabla sijamaliza kukuamkia, ndiyo maana nimeandika na kumpa barua mwenzangu anayerudi kesho. Jumapili usimpe. Ishike mwenyewe uniambie lolote, hata kama hutasikia nitakachojibu. Mimi nitakusikia.

Mwanao mtiifu, kwa zaidi kidogo ya nusu,
Spana