Moto wa Kilio

Jumanne

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kwamba kanali hakukosea.

Asubuhi tulikuwa tunajadili mpango wa droni ambazo jeshi litanunua zilinde mpaka wa mto Luapula, upande wa Kasenga. Kwenye mpango imeandikwa namna mashini itakavyotambua kutoka angani kambi ya waasi ya kushambulia: wanaume wengi, nje, usiku, wamezunguka moto. Nikainua mkono.

“Mon colonel, hii iko pia kilio. Kwetu muntu akikufa, banaume banalala inje, ku moto.”

Hakucheka. “Bien, capitaine. Basi utuambie: kule juu mashini itaona nini ya kuitofautisha?”

Nikafikiria nyimbo, nikafikiria machozi. Kamera ya droni inaona joto tu. Wanawake wanaolia wako ndani, paa linawaficha. Ile sentensi ya mpango ikabaki ilivyo. Kesho mpango unatiwa sahihi.

Jioni nilienda Kasungami kwenye kilio cha mjomba. Mdogo wangu akanisogezea kiti. “Yaya, mukubwa yangu, karibia moto, baridi iko mingi.”

Nikakaa kati ya wanaume waliozunguka moto. Wengine walikuwa wanacheza karata, mmoja anakoroma. Nikatazama juu: nyota tu. Hata hivyo nikajikuta navuta kiti nyuma, kidogo kidogo, mpaka gizani.

Shangazi alitoka na chai, akanikuta huko peke yangu. “Lia tu, mutoto yangu,” akasema.

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimejitoa kwenye ile picha ya kutoka angani, na ndugu zangu wote nimewaacha humo.