Beleshi la shemeji

Shoga, shemeji kamvunja mkono daktari wa mifugo! Kwa beleshi! Ndani ya banda la kuku!

Baridi ya wiki hii unaijua. Kuku wa nyama wa dada walikuwa wanarundikana kwenye kona wakitetemeka, daktari akampa pakiti ya unga wa madini achanganye kwenye chakula. Kijiko kimoja tu kwa gunia, wapate kuhimili baridi.

Leo asubuhi dada kafungua banda, karibu wote chali. Akaketi palepale kwenye maranda, hata kulia kukamshinda.

Shemeji akampigia daktari simu, kwa upole kabisa. Mtu kafika, hajasalimia, kakabwa koo na kubamizwa ukutani. "Umetuulia kuku, nami leo nakuua!" Dada akamrukia mumewe mgongoni, akatupwa juu ya vyombo vya maji. Beleshi likashuka. Mfupa ulilia, shoga, dada aliusikia!

Likanyanyuliwa tena, sasa likilenga kichwa. Ndipo mama mkwe akapiga yowe mlangoni: "Mwanangu, acha! Ni mimi! Niliwaonea huruma, nikawamwagia pakiti nzima!"

Pakiti nzima!

Dada akadhani yameisha. Kumbe shemeji hakulishusha lile beleshi. Alimruka daktari, akamwendea mama yake. Mama yake mzazi!

Aliyemwokoa ni daktari. Alimdaka shemeji mguu kwa ule mkono mzima, akamwangusha kifudifudi, dada akamkalia mpaka majirani wakaja na kamba.

Polisi wameondoka naye. Dada na mama mkwe wako hapa kwangu, wamelala kitanda kimoja, wameshikana mikono.